Nyekundu Iliyohamia Mdomoni

Usiku wa kuamkia siku ya kubadilishwa mfumo wa kompyuta pale karakana, Zuwena Mkumbaru aliota anahama nyumba, na vyombo vyake vinamsemesha.

Haikumshangaza, kwa kuwa vyombo vyenyewe alivijua. Zuwena ni mchoraji wa kanga huko Ngamiani, Tanga. Huchora kwa kompyuta, na kwa miaka yote aliyokaa kazini ameizoesha programu yake ya kuchorea kama mtu anavyozoesha paka. Vifaa vyote kavihamishia upande wa kushoto, maana yeye ni mashoto. Brashi kajitengenezea mwenyewe: ya kuchorea mapambo ya korosho, ya pindo, ya mistari myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake hata mstari mmoja haunyooki.

Jioni ile Bwana Dhulkifli, mwenye karakana, alikuwa ametangaza kwamba mfumo mpya utaingizwa kesho, na kwamba mipangilio ya Zuwena, kwa uzuri wake, ihamishwe pamoja naye, kisha inakiliwe na kwenye kompyuta ya Shani.

Shani aliajiriwa juzijuzi tu. Ana mkono mwepesi na maneno matamu, na Zuwena alimpenda mpaka pale sentensi ile ilipokwisha.

Basi katika ndoto Kibwana, fundi wao wa kompyuta, anaingia sebuleni na ndoo na tambara.

"Dada Zuwena, nafuta," anasema. "Naanza na jiko."

"Futa taratibu basi."

"Kufuta hakuna taratibu, dada. Nikishafuta nimefuta."

Anapitisha tambara ukutani na jiko linakwisha. Hakuna vumbi wala kelele. Pale palipokuwa na jiko pamebaki weupe mtupu.

"Vya kuhama vitie kwenye folda," anasema Kibwana, anakamua tambara.

Folda imelala katikati ya sebule, pana kama kitanda, inapiga miayo. Vyombo vinajipanga foleni kuingia. Brashi ya korosho, ambayo ndiyo kubwa lao, inafika mdomoni mwa folda na kusimama.

"Tunahamia kwa nani?" inauliza.

"Kwangu."

"Kwako peke yako?"

Zuwena anakohoa. "Ingia ndani, tunachelewa."

"Tumesikia na kwa Shani pia."

"Nani kakwambieni?"

Vyombo vyote vinakitazama Kifutio. Kifutio kinatazama chini.

"Mimi husikia mengi," kinasema, "ila mengi huyafuta. Hili limegoma."

Zuwena alivisukumiza ndani vyote bila kuagana na nyumba, akaifunga folda, akajitwika kichwani. Kibwana alikuwa amekwishafika kwenye kizingiti cha chumba cha kulala.

"Njia ya mkato iko wapi?" Zuwena akamwuliza.

"Ile ile unayoibonyeza kila siku."

Akabonyeza vidole viwili pajani, na ukuta ukaachana. Katikati ya nyumba mbili ikatokea njia nyembamba ya kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Akaingia. Kichwani, ndani ya folda, brashi ya nywele za mtoto ililalamika kwamba imekaliwa.

Hakwenda mbali. Kwenye nyumba ya pili dirisha lilikuwa wazi, na ndani alikuwa ameketi Shani, kazungukwa na vyombo vya Zuwena.

Si vya kufanana, ni vyenyewe. Na hapo hapo mzigo kichwani haukupungua uzito hata kidogo. Zuwena aliona brashi ya korosho, ile aliyoibembeleza miaka na miaka ijikunje vizuri kwenye kona ikakataa, sasa inajikunja mkononi mwa Shani kama mchezaji wa ngoma, huku inacheka. Tena katika mkono wa kulia!

Zuwena akasogea karibu. Akagonga dirisha.

Brashi ya korosho ikachungulia. "Shikamoo, mama," ikasema kwa adabu zote. "Unamtafuta nani?"

Mama! Hata dada hakuitwa.

Aliondoka pale, akafika pembeni, akatua folda chini na kuingiza mkono ndani. Alikuwa anaitafuta nyekundu yake. Nyekundu hiyo aliichanganya mwenyewe, ikakataa kuwa damu ya mzee, ikakataa kuwa pilipili, ikatulia mahali katikati pasipo na jina. Kanga yenye nyekundu ile huonekana ng'ambo ya barabara, na wanawake husimama wakaulizana. Katika kompyuta aliihifadhi kwa nukta tu badala ya jina, ili mtu mwingine asiione.

Akaipata chini kabisa, imejikunja kama mtoto aliyelala. Kanga aliyojitanda ikamtazama. Ikafuta maneno yake ya zamani yenyewe, ikajiandika mengine: CHA KWANGU HAKINA PACHA.

Zuwena akaitia nyekundu mdomoni.

"Mbona giza?" nyekundu inauliza.

"Tulia," anasema Zuwena kupitia puani.

"Kuna jino limetoboka humu."

"Nimesema tulia."

Njia ikageuka ukumbi wa harusi bila kumwambia. Mbele, jukwaani, ameketi Mfumo Mpya, bibi harusi mwenye nguo nyeupe isiyo na kunyanzi. Hana vumbi, hana kovu, na macho yake hayajawahi kumwona mtu.

"Karibu," anasema. "Taja jina lako kama lilivyoandikwa kwa mwenzangu aliyenitangulia."

"Mmh," anasema Zuwena.

Bibi harusi anafikiri. "Mmh hayumo."

"Mm-mmh!"

"Huyo naye hayumo. Basi wewe ni mgeni, na mgeni hula alichokuta." Anapiga makofi. Zinaletwa meza za kila mtu, zimepangwa kulia, pamoja na buluu ya kila mtu. Folda inafunga mdomo wake puu, haifunguki.

Nyuma yao Kibwana anaingia ukumbini kinyumenyume, anafuta. Njia ya mkato imekwisha. Viti vya wageni wa nyuma vimekwisha.

"Dada Zuwena, nimefika," anasema kwa masikitiko. "Kazi ni kazi."

Ndani ya folda brashi zinalia. Zuwena aliweza kusikia nywele zao zikidondoka, moja moja, kama mchele sakafuni. Alitaka kusema jina lake. Lakini kusema ni kufungua mdomo, na kufungua mdomo ni kuitoa nyekundu mbele za watu, na mtu wa kwanza kuiona angekuwa Shani, kwa sababu Shani alikuwa anakuja mbio, mtandio umemtoka kichwani.

"Dada, taja jina! Vinaisha!"

Zuwena akatikisa kichwa.

Shani akamtazama vizuri. Shavu la Zuwena lilikuwa limevimba, na mwanga mwekundu ulipenya kwenye ngozi kama tochi ndani ya kiganja.

"Umeificha mdomoni," Shani akasema.

Kibwana akafuta kiti kingine.

Shani akakaa chini, pale pale sakafuni, akakunja miguu. "Baki nayo, dada, sikuiombi. Unajua hawa wananifanyia nini? Nikishika brashi inacheka na mimi, inajikunja, halafu inaniita Zuwena. Nikichora mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, wanasema leo umekosea, Zuwena, unaumwa? Ndiyo maana hawakukutambua dirishani. Wanadhani mimi ndiye wewe." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Nakaa na watu wanaompenda mtu mwingine. Nakuonea wivu, dada yangu, mpaka nasaga meno usingizini."

Zuwena tangu azaliwe hakuwahi kusikia maneno matamu kuliko yale. Alinuia kutabasamu tu, kwa heshima, lakini kicheko kikamponyoka na mdomo ukafunguka wote.

Nyekundu ikatoka mbio. Ikamrukia Shani, ambaye naye alikuwa ameacha mdomo wazi, ikampita ulimini ikatoka tena, ikapanda jukwaani na kuipaka nguo ya bibi harusi kuanzia pindo hadi kifuani.

Mfumo Mpya akaiangalia nguo yake. Hakukasirika. "Aa," akasema, "sasa nimeanza kukufahamu. Taja jina."

"Zuwena binti Mkumbaru."

"Yumo."

Folda ikafunguka. Vyombo vikamwagika nje, vikakimbilia upande wa kushoto kila kimoja mahali pake, brashi ya korosho ikiwa na upara kidogo. "Dada!" ikamwita. "Ulikuwa wapi?" Kibwana akatua ndoo, akajinyoosha mgongo na kumshukuru Mungu.

Zuwena akamsogelea bibi harusi, akamnong'oneza asisikie Shani.

"Vile vilivyo kwake ni nini hasa?"

"Nakala."

"Na nakala ni sawasawa na chenyewe?"

Mfumo Mpya akafikiri muda mrefu, kama wafikirivyo wenzake wote wakiulizwa jambo.

"Karibu sawasawa," akasema.

"Hebu rudia hilo neno la kwanza," Zuwena akamwomba, na bibi harusi alipofungua mdomo kulirudia, kukapambazuka.

Mumewe, Baba Rajabu, alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, anamtazama.

"Mama Rajabu, umeanza lini kutafuna tambuu?"

"Tambuu gani tena?"

Akaenda kwenye kioo, akatoa ulimi. Ulikuwa mwekundu hadi mzizini. Nyekundu ile haikuwa ya tambuu. Ilikataa kuwa damu ya mzee, ikakataa kuwa pilipili.

Simu ikalia. Alikuwa Shani, naye hata hakusalimia. "Dada Zuwena, tafadhali usinicheke. Nakutumia picha." Akakata.

Picha ikaja: ulimi, umetolewa nje wote, na juu yake jicho moja lenye hofu. Zuwena akaivuta kwa vidole mpaka ikajaa simu nzima. Akasogea karibu na kioo, akaweka simu shavuni, akatoa ulimi wake kando ya ule wa Shani. Akatazama huu, akatazama ule. Akaenda dirishani penye mwanga mzuri zaidi, akatazama tena.

Wa Shani ulikuwa umepauka. Kidogo tu, mtu asiye mchoraji asingeona.

"Pole sana mdogo wangu," akamwandikia kwa huruma ya kweli, "wekundu utatoka wenyewe." Kisha akaenda kuoga, na Baba Rajabu akamsikia bafuni anaimba.