Jina la Kuitiwa Getini

Katekista Romano alinipigia simu akaniomba nije Adumi, kijijini kwetu, niwape nasaha vijana saba wa parokia wanaokwenda vyuoni mwaka huu. Nilikubali upesi, maana napenda kusifiwa, na mtu akishakuwa mkufunzi wa wauguzi Arua mjini, watu wa nyumbani humsifu hata akikohoa. Akanipa na kichwa cha maneno: ningemwambia nini yule binti niliyekuwa, kabla hajafunga sanduku la chuo? Niliandika kurasa mbili safi. Beba chandarua. Beba shuka mbili, si moja. Nenda na kufuli yako. Usiazime nguo ya mwenzako wiki ya kwanza, maana hutaacha. Ungesoma karatasi ile ungedhani kosa kubwa la yule binti lilikuwa kusahau kufuli.

Jumamosi asubuhi nilifikia kwa Mjomba Dramadri, ndugu wa marehemu mama, ambaye alinilea baada ya baba kufa. Binti yake Draru ni mmoja wa wale saba. Amepata nafasi ya kusomea ualimu Koboko. Nilimkuta jikoni anapepeta maharage, na hakusubiri hata niketi. Alisema Jumatatu nimpeleke kwa yule wakili wangu wa mjini, aape na kuliacha jina lake kabla ya kujiandikisha. Mwaka jana, kwa majivuno yangu, nilikuwa nimemsimulia mwenyewe jinsi nilivyofanya.

"Dada, wewe ni Patience," aliniambia. "Hakuna anayekucheka. Mimi nitaingiaje darasani na jina la kifo?"

Ndivyo lilivyo jina lake kwa Kilugbara. Alizaliwa mwaka ambao Mjomba alizika watoto wawili, naye akamwita hivyo. Kwetu jina la mtoto mara nyingi si lake peke yake. Ni neno ambalo mzazi anataka kulisema mbele za watu. Mimi niliitwa Candiru, yaani mateso, kwa sababu baba alikufa mimba yangu ikiwa na miezi sita, na ndugu zake wakamfukuza mama nyumbani kwao kwa kusema amemroga. Mama alirudi kwao na tumbo lake, akajifungua, akasema: sasa kila watakapomwita mtoto wangu, watataja kwa midomo yao walichonifanyia. Lilikuwa shitaka lake, na mahakama hakuwa nayo nyingine.

Mimi nililiona ni aibu tu. Nilipopata nafasi ya uuguzi Koboko, mama aliuza karanga zake, akanipa fedha za godoro. Nilishuka Arua mjini, nikaingia kwa wakili, nikaapa kwamba kuanzia siku ile mimi ni Patience Afedra, jina la ubatizo na jina la baba, basi. Fedha za godoro ziliishia pale. Muhula mzima nililala kwenye mkeka na kuwaambia wenzangu kwamba mgongo wangu hautaki godoro.

Niliishi chumba kimoja na Aidah na Stella Kiden, Wakakwa wa Koboko, watoto wa wanajeshi wote wawili. Majina ya Wakakwa wengi yanakwambia mtu amezaliwa wa ngapi kwao, tena bila kulia wala kulaumu, na mimi niliwaonea wivu. Mama aliponipigia simu alipiga kelele za Kilugbara kana kwamba yuko ng'ambo ya mto, na kila sentensi ilianza na Candiru. Mwezi wa pili nilinunua laini mpya. Nyumbani niliwatumia habari kwa mtu wa sokoni kwamba simu imeibwa. Najisikia vibaya kuandika haya, lakini wakati ule nilijisikia vizuri sana.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Tulikuwa tumesimama karibu na tanki la maji, mimi na Aidah na Stella Kiden, tunangoja zamu ya kuchota. Nilimwona Mjomba nje ya geti, ameshika baiskeli, shati limelowa jasho hadi kiunoni. Kwenye keria alikuwa amefunga gunia. Nikasema moyoni, ameleta unga wa muhogo, ataniita mbele ya chuo kizima, na kesho nitakuwa kichekesho. Kutoka Adumi hadi Koboko kwa baiskeli si mwendo wa kuleta unga. Mtu mwenye akili angejua. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye sketi yangu ya bluu.

Mlinzi wetu, mzee Yasiri, alikuwa askari wa zamani, mpole, na alichukua kazi yake kama dini. Alipitisha kidole kwenye daftari la wanafunzi, akarudia, kisha akatujia pale kwenye tanki.

"Ninyi watoto, mutu ya Candiru iko hapa? Candiru ya Adumi. Mjomba yake iko kwa geti, nasema mama iko mugonjwa."

Mugonjwa. Nilisikia neno hilo vizuri. Nimejidanganya kwa miaka mingi kwamba sikulisikia, lakini nililisikia. Niliwaza kwamba mama huumwa kila msimu wa mvua, kwamba Jumamosi nitakwenda kimyakimya, kwamba siku nne si kitu. Aidah akasema hamjui mtu kama huyo. Stella Kiden akatikisa kichwa. Mzee Yasiri akanitazama mimi, kwa kuwa nilitoka upande wa Arua.

"Hapana," nikasema. "Hapa hakuna."

Nikaligeuzia geti mgongo, nikashika ndoo. Nilipogeuka tena, barabara ilikuwa tupu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakunywa uji, redio ya jikoni ikisoma matangazo ya vifo kama kila siku. Wakamtaja mama kwa jina lake, wa Adumi, kisha wakawataja wafiwa: nduguye Dramadri, na binti yake Candiru aliye chuoni Koboko. Aidah akaweka kikombe chini. Akasema, masikini, kumbe huyo Candiru yupo, sijui kama ameambiwa. Nilimaliza uji wangu. Kisha nikaenda kwa mkuu wa chuo nikaomba ruhusa ya kumzika shangazi.

Mazikoni Mjomba aliwaambia watu kwamba alifika Koboko na mlinzi wa geti akamfukuza, hakutaka hata kuuliza. Watu walimlaani yule mlinzi, na mpaka leo, miaka kumi na mitatu baadaye, anayetaja kifo cha mama lazima amtukane mlinzi kidogo. Mimi nimekaa nao nikiitikia. Kuna mara moja nilimtukana na mimi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Draru alipoomba nimpeleke kwa wakili, nilijua kinachoningoja. Nikinyamaza, mtoto wa Mjomba atapita njia yangu hatua kwa hatua, na mimi ndiye nitakayemshika mkono. Nikisema, Mjomba atajua ni nani aliyemnyima dada yake kuagana na mwanawe. Nilimjibu kwamba tutazungumza baadaye. Mwoga hana jibu fupi zaidi ya hilo.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Romano alinitambulisha kwa maneno matamu, nikasimama, nikasoma. Chandarua, wakaandika. Shuka mbili, kufuli, wakaandika. Draru alikuwa mstari wa mbele, daftari gotini, anaandika hata nukta. Mjomba alikuwa pembeni na wazee, ameshika kofia yake, ananisikiliza kwa kiburi ambacho sikukistahili. Niliigeuza karatasi ya pili nikaona nimebakiwa na sabuni na taa.

Nikaiweka karatasi mezani. Nikasema yule binti niliyekuwa ningemwambia jambo moja, kwamba jina lake si la kwake peke yake kulitupa. Nikawasimulia yote, wakili, godoro, laini ya simu, tanki. Nikasema mlinzi aliuliza, na aliniuliza mimi. Bibi mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama amesikia sawasawa, na jirani yake akamwambia amesikia sawasawa. Draru aliinamisha uso kwenye daftari hadi mwisho. Nilitamani Mjomba anitukane palepale, anipige hata na kofia, lakini alibaki amekaa.

Baada ya sala watu walitoka kwenda kula. Walinipita kwa adabu, kama watu wanavyopita karibu na shimo. Mjomba alinifuata hadi kwenye pipa la kunawia mikono. Akaanza kunisemesha Kiswahili, kile cha kambini alikokaa ujana wake. Alikitumia ili wazee waliokuwa jirani wasielewe.

"Mimi iliona wewe," akasema.

Nikamwambia sielewi.

"Siku ile. Wewe ilikuwa karibu na tanki, na sketi ya bulu. Mimi najua mugongo yako, mimi nabeba wewe toka mutoto." Alinawa mkono mmoja, kisha wa pili, bila haraka. "Ile gunia kwa keria ilikuwa ya wewe kukalia. Mama yako alisema barabara iko mbaya, weka kitu laini."

Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akasema aliona nina marafiki, akaona haya inaniua, akasema acha. Nyumbani alimwambia mama kwamba Candiru yuko kwenye mtihani, amepewa ruhusa ya Ijumaa, atakuja. Mama alicheka, akasema kumbe mtoto anasoma kweli. Alikufa Alhamisi usiku akiingoja kesho. Habari ya mlinzi Mjomba aliitunga mwenyewe, ili watu wasije wakaniuliza mimi. Mzee Yasiri, akasema, alikuwa mtu mzuri, alimpa chai na kumjazia upepo gurudumu la nyuma.

Nikashika ukingo wa pipa. Nikamwambia, kwa haraka, kama mtu anayelipa kwa sarafu asiyo nayo, kwamba Draru simpeleki kwa wakili. Jumatatu wala siku yoyote.

Mjomba akatikisa kichwa. "Peleka yeye," akasema. "Mimi ndiyo nilituma yeye kwako."

Nikamuuliza kwa nini.

"Iko siku mimi itaenda kwa geti yake pia. Mimi iko muzee. Heri niulize jina ile yeye akisikia atatoka."

Alikuwa tayari ameanza kujifunza jina ambalo binti yake amelichagua. Blessing. Ulimi wake haukulizoea. Akalitamka polepole, akajisahihisha, akalitamka tena, kisha akaniuliza kama ndivyo walinzi wa getini watakavyolielewa.

Nikamwambia ndivyo.