Ubeti wa Tatu wa Binti wa Jiwe

Reverien Niyongabo alipopigiwa simu kwamba marehemu mke wake anaimba Kasulu, hakuogopa. Alikasirika. Alikuwa shambani kwake nje ya Kibondo, anang'oa maharage, na aliyepiga alikuwa Ininahazwe, mdogo wa huyo marehemu, Esteri, anayekaa Kasulu mjini.

"Shemeji, nimemsikia dada," Ininahazwe alisema. "Kwenye banda la video la Mudathiri. Anaimba kwenye ile hadithi ya binti wa jiwe."

"Hiyo si katuni ya zamani?"

"Si katuni tena. Wameitengeneza upya, na watu. Binti ana nyama sasa, mpaka vinyweleo vya mkononi unaviona. Anafungua mdomo, anatoka dada."

Ininahazwe akashusha sauti. "Mtu hajagandukiwa, mwaka wa tatu huu. Ulitegemea akae wapi?"

Hapo ndipo penye kidonda. Kuganduka ndiyo siku ya mwisho ya msiba. Ndugu wanakusanyika, aliyefiwa anasimama, anaeleza mbele ya watu ugonjwa ulivyoanza na walivyohangaika mpaka pumzi ya mwisho. Akimaliza, marehemu anaachiwa aende, na yeye anaachiwa aishi. Reverien alikataa kusimama. Aliapa kaburini kwamba wakubwa wa gari la wagonjwa waje kwanza, wao ndio waeleze. Maana Esteri alikufa akilisubiri hilo gari. Tumbo lilimshika alfajiri, simu ikapigwa, wakaambiwa gari linakuja. Saa nane mchana lilikuwa bado linakuja, na Esteri hakulihitaji tena.

Habari hiyo Reverien aliisimulia kwa diwani, kwa mchungaji, kwa watu wa mashirika waliopita wakienda kambi ya wakimbizi ya Nduta, kwa yeyote aliyesimama muda wa kutosha. Kila mara ilianza na gari na kuishia na gari. Darasa la nne alilofikia lilimtosha kuandika barua tisa kwa wakubwa. Hakujibiwa hata moja. Jirani yake Hilali, mwenye pikipiki, alikuwa mtu pekee ambaye hakuwahi kukaa kuisikiliza. Wiki moja baada ya mazishi alihamia Gwarama bila kuaga.

Na sasa wamechukua hata sauti, Reverien alijisemea. Ndio zao. Wakishakuacha ufe, wanakurudia kuona umebakiza nini.

Sauti yenyewe iliingiaje humo? Mudathiri alikuwa mtafsiri wa muvi. Alizima maneno ya kigeni akaweka ya kwake, yeye mfalme, yeye mchawi, yeye mbuzi. Kuimba tu ndiko kulimshinda, na zile katuni za hadithi za kale wanaimba wote, mpaka masufuria. Basi enzi hizo Esteri akishusha maharage yake Kasulu alipita bandani, akavaa visikizio vikubwa masikioni, akaimba sehemu ya binti kwa Kiha, kwa sauti ile ile ya kwaya. Ni binti aliyegeuzwa jiwe na shangazi yake kando ya njia, akaachiwa sauti peke yake, awaimbie wapita njia mpaka mmoja asimame.

Jumamosi Reverien alikuwa mlangoni kwa Mudathiri kabla ya saa nane.

"Mzee wangu, karibu," Mudathiri alisema, akivua kofia yake ya kufuma. "Pole na safari."

"Umemtumia mke wangu bila kuniuliza."

"Nilikuwa naye humu siku zote, mzee." Mudathiri aligusa kompyuta kwa kiganja, kwa adabu, kama mtu anayegusa kaburi. "Ilipokuja hii mpya nikasema, nani atamwimbia binti? Nikamtoa kwenye katuni, nikampachika hapa. Midomo haikai sawa na maneno, lakini akina mama wanapenda."

"Hao waliotengeneza, ya kwanza iliwaharibikia?"

"Wala. Ndiyo biashara yao siku hizi. Zile zote za michoro wanazirudia, wanatia watu. Hata mbuzi ni mbuzi kweli. Watu wanamlalamikia huyo mbuzi. Anaongea kama mwenyekiti wa kitongoji mwenye njaa."

Reverien hakucheka. "Mchoro ulikuwa hauna ubaya," alisema. "Mchoro haufi. Itoe."

"Itazame kwanza. Ukitoka humo ukasema niitoe, naitoa mbele ya macho yako. Onyesho ni saa tisa."

Banda lilikuwa la mabati, limezibwa ndani kwa plastiki nyeusi. Jua la alasiri liliingia kwenye matundu ya misumari, likawadondokea watu mabegani kama punje za mchele. Reverien alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mbele walijaa watoto na mama zao.

Mbuzi alikuja kwanza. Alikuwa na macho ya mbuzi yale yale ya kila siku, yasiyoona aibu, na chini ya macho hayo mdomo ukatamka Kiswahili cha Mudathiri. Mtoto mmoja alijificha kwenye kitenge cha mama yake. Ndipo picha ikafika kwenye jiwe kando ya njia. Jiwe likalainika polepole, likapata shavu, likapata koo, na koo likameza mate.

Esteri akaimba.

Sauti ilitangulia na mdomo ukafuata, kama mgeni anayejifunza kusema kwa kumwangalia mwenzake. Reverien aliijua ile pumzi fupi kabla ya neno la juu. Aliisikia miaka ishirini na sita jikoni kwake. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita, na hapo aliujua mwisho wa wimbo, akashika benchi ili asimame.

Vinanda havikunyamaza. Binti akavuta pumzi nyingine, na watoto kule mbele wakaanza kucheka.

Reverien hakujua wanacheka nini, kwa sababu yeye alimsikia Esteri akiendelea. Muziki ulikuwa ule ule ila maneno hayakuwa ya jiwe. "Kulikucha," aliimba, kwa Kiha cha nyumbani, "pikipiki ikasimama mlangoni. Hilali hakuizima. Nilikuwa nimeshafunga kilemba. Ukamwambia aende." Binti hakuwa anamtazama mwana wa mfalme, yule mpita njia aliyesimama mbele yake. Macho yake, ya kweli, yenye mishipa myekundu pembeni, yalipita juu ya vichwa vya watoto na kutua benchi la nyuma.

Reverien alitoka nje akapepesuka kwenye jua. Aliposhika ukuta, bati lilimuunguza kiganja, na hakukiondoa upesi.

"Ubeti wa tatu ulimrekodi lini?" alimuuliza Mudathiri.

"Upi, mzee? Mama Esteri aliimba beti mbili. Huo wa tatu wameuongeza hawa wapya, wakirudia kitu lazima wakirefushe. Sikuwa na sauti ya kuweka, nimeacha mdomo mtupu na vinanda. Ndicho wanachochekea watoto."

"Nimeusikia."

Mudathiri hakubisha. Alimvutia kiti, akamvisha vile vile visikizio vikubwa, akairudisha picha nyuma. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kisha vinanda vitupu, na binti akifungua na kufumba mdomo. Reverien hakusikia neno. Ila aliuangalia mdomo. Katika beti mbili za kwanza midomo na maneno vilikuwa vikipishana mwanzo hadi mwisho. Hapa, alipoyasema moyoni maneno aliyoyasikia, vilikwenda pamoja bila kukosea. Kulikucha. Pikipiki. Mlangoni. Midomo ilikutana pale inapotakiwa kukutana, ikaachana pale inapotakiwa kuachana, mpaka kwenye neno la mwisho.

Alivua visikizio.

"Niitoe?" Mudathiri aliuliza.

"Iache," Reverien alisema. "Haijamalizana na mimi."

Jioni hiyo, nyumbani kwa Ininahazwe, alikaa bila kugusa chakula mpaka mboga ikapoa. Halafu akasema, "Panga siku."

"Ya kuganduka?"

"Ndiyo. Na mwite Hilali, yuko Gwarama."

"Hilali wa pikipiki? Yeye anahusika nini, shemeji?"

"Wewe mwite."

Watu walifika Kibondo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Turubai lilifungwa uani, mchungaji akaomba, togwa ikagawiwa. Hilali alikaa mwisho kabisa, kofia yake ngumu ya pikipiki magotini, hamtazami mtu. Msemaji wa ukoo alipomwita Reverien aeleze, watu walijiweka sawa kwenye mikeka kama wanaojua kilomita walizobakiza. Mjomba mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Gari hilo linakuja."

Reverien akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, midomo ikaenda, kimya. Watoto waliokuwa nyuma ya turubai wakacheka, kicheko kile kile cha Kasulu, na mama mmoja akawakaripia.

Alimeza mate.

"Kulikucha," alisema. "Pikipiki ilisimama mlangoni. Hilali yule pale, hakuizima. Esteri alikuwa amevaa, amefunga kilemba, ameshika ukuta. Mimi nikamwambia Hilali aende."

Mjomba yule aliweka chini kikombe chake cha togwa.

"Nilisema gari ni haki yetu. Nilisema tukikubali pikipiki leo, kesho wakubwa watasema hawa wa huku hawahitaji gari. Nilitaka wafike wamkute pale kitandani, wapate aibu. Saa mbili alinibembeleza. Saa nne alinibembeleza. Baadaye akaacha kunibembeleza, nikadhani amenielewa."

Ininahazwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. "Na gari?" aliuliza kutoka humo humo ndani.

"Gari halikuja. Hilo nalo ni kweli, na siwasamehe. Lakini pikipiki ilikuja."

Hilali aliinama juu ya kofia yake. Msemaji wa ukoo alisimama, akasema maneno yanayosemwa siku hiyo, kwamba aliyeondoka ameachiwa njia. Wanawake wakaanzisha wimbo. Haukuwa wa kitabu cha kanisa, ulikuwa ule wa binti wa jiwe, ambao wengi wao walifundishwa na Esteri mwenyewe. Waliimba ubeti wa kwanza. Waliimba wa pili. Hapo wakanyamaza wote kwa pamoja, bila kuambizana, na wakakaa hivyo.

Reverien alisimama pale pale, shingo ameipinda kidogo, akausubiri wa tatu. Upepo ulipita migombani. Uani mbuzi wa jirani alilia, mlio wa mbuzi tu. Alisubiri mpaka ukapita muda wa ubeti mzima, na hakusikia kitu.