Mbegu ya Za Hlei

Nilikitambua kibuyu chetu kwa sauti. Tulikuwa tumefumba macho, mzee wa kanisa akiombea malimbuko, na akina mama wakipita mmoja mmoja kumwaga mpunga mpya kwenye jamvi mbele ya madhabahu. Kikapu humwaga kwa mkupuo mmoja, basi. Mara nikasikia kitu kikikohoa, mpunga ukitoka kidogo kidogo kwenye shingo nyembamba. Shingo ya namna ile ilikuwa moja tu kijijini, na asubuhi hiyo niliiacha ikining'inia juu ya meko yangu.

Nikafumbua macho katikati ya sala. Mke wa mwanangu, Dawt Iang, alikuwa akikigonga kibuyu kitako ili isibaki hata punje.

Mwaka ule mimi ndiye niliyewaongoza akina mama, kwa hiyo nilitangulia alfajiri kufagia kanisa, nikamwachia yeye alete sadaka ya nyumba. Na yeye alileta mbegu.

Mbegu ya marehemu mume wangu, Za Hlei. Kwa macho haikuwa na tofauti na mpunga mwingine. Ila iliiva wiki tatu mapema kuliko mpunga mwingine wote, katika mwezi ambao nyumba nyingi za milima yetu ya Chin huchemsha viazi vya porini na kunyamaza. Aliichagua suke kwa suke miaka ishirini. Alipokuwa hawezi tena kuinuka, alinyoosha kidole juu ya meko, kwenye moshi, akasema, "Hata njaa ikiingia, hiyo usiile." Baada ya kumzika, watu waliniomba mbegu, nikawakatalia wote. Nikasema ni wosia. Wosia ulisema nisile. Kutogawa nilijiongezea mwenyewe. Kila mwaka niliipanda shamba la juu, tukala mavuno, nikabakiza kibuyu kimoja tu cha mbegu.

Ningeweza kusema neno moja kabla rundo halijavurugwa. Vijana walikuwa wamekwisha sogeza vinu, maana mpunga wa shukrani hutwangwa na kuliwa siku ileile. Lakini nilimtazama Dawt Iang usoni. Alikuwa binti wa mjini, ana miezi minane tu kwetu, mwanangu Ceu yuko Malaysia kazini, na wanawake walikuwa wakicheka anavyoshika jembe. Asubuhi ile uso wake uling'aa. Na kilichokwisha kutolewa kwa Mungu, nani amwambie akirudishe? Nikafumba macho tena. Nikaitikia amina.

Nyumbani akaniuliza, "Mama, mbona wali wa sherehe umeula kama dawa?"

"Kwa nini ulichukua kibuyu?"

"Si wewe uliyenifundisha? Mungu hapewi mabaki, apewe kilicho bora. Nikatafuta ni kipi mnakitunza kuliko vyote."

Nilimwambia ukweli, kwa upole nilioweza. Alilia bila sauti. Siku tatu hakutia kitu mdomoni, na ya tatu nikamkuta anakunja nguo zake. "Nimewaletea njaa," akasema. "Niache nirudi kwa mama yangu." Usiku nilisali hata nikakosa maneno. Shamba la juu lingekaa bila mbegu yake, na sasa nyumba ingebaki bila binti.

Siku ya nne Mama Khen, jirani yangu, akaja na kikapu mgongoni, kamba kipajini.

"Mama Ceu, nipokee, shingo inakatika."

"Nini hicho?"

"Mbegu ya mumeo."

"Ya mume wangu iliishia kwenye sufuria ya kanisa, na wewe ulirudia sahani."

"Iliyoliwa ni yako. Hii ni yangu." Alikitua, akatazama mlango badala ya kunitazama mimi. "Kwenye msiba wa Za Hlei nilipika hapa siku tatu. Kibuyu kilikuwa juu ya kichwa changu. Nikachukua konzi moja, nikaifunga kwenye kilemba, nikaendelea na wimbo."

"Mimi nalia?"

"Wewe unalia. Tena ulilia vizuri, hakuna aliyeniangalia."

"Miaka sita nakuuliza kwa nini shamba lako la ng'ambo ya bonde linawahi kuiva."

"Nikakwambia ni jua."

"Ukiwa na Biblia kwapani."

"Na jua nalo lipo kule, mwenzangu. Sikudanganya lote."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nikaketi palepale chini, mkono ndani ya kikapu mpaka kiwiko, na nilichoweza kusema ni asante Bwana, asante Bwana, kama mtu aliyetolewa mwiba. Nyuma yangu Dawt Iang alianza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa.

"Utaungama kanisani?" nikamuuliza Mama Khen.

"Nitaungama. Na wewe ungama kwamba ulitunyima sisi sote."

Nilimsogezea kigoda, nikamwambia Dawt Iang aongeze mchele kwenye chungu, tutakuwa watatu.