Mawese ya Harusi ya Yudita

Lori nililolitia mafuta mimi halizimiki njiani. Hilo nililitangaza Makambako, asubuhi ya harusi ya dada Yudita, binti wa baba yangu mkubwa. Nililitangaza mbele ya kwaya nzima, kisha nikalirudia kwa Kiingereza, ili wasioniamini kwa Kiswahili waone haya.

Dizeli ilikuwa imeadimika. Pipa la dukani lilibaki na harufu tu, na tangi la lori la Methusela, dereva wetu, lingetufikisha nusu ya njia. Ndoa ilikuwa ifungwe Njombe, kwa kina Kefa, bwana arusi, na mchungaji alikwisha kutuma neno: saa sita anaondoka kwenda Lupembe, na akiondoka wangojee mpaka baada ya mavuno. Yudita alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu viatu vyake vya shamba viko wapi, aende kwa miguu.

Basi nikamweleza Methusela sayansi. Shuleni tulifundishwa kuwa injini ya dizeli haina makuu, hula hata mafuta ya karanga. Kwa nini tungoje mafuta yavuke bahari, na michikichi imejaa Kyela? Methusela akajibu kwamba injini si karai. Lakini alikuwa hana la kufanya, akaenda kukaza magurudumu. Aliporudi, tangi limeongezwa mawese. Nikamwambia nimeyapata kwa mchuuzi wa sokoni.

Likawaka! Likanguruma, tena kwa sauti laini, na moshi ukanukia maandazi. Kila tulipopita watu waliacha majembe wakatoka kutazama harusi inayojipikia njiani. Kwaya iliimba mpaka turubai likatikisika. Hata Methusela alikiri kuwa lori lake linamtia njaa. Mimi nilisimama juu ya mizigo nikipokea heshima.

Karibu na Njombe mashangazi wa Yudita walikuwa wamefunga njia kwa khanga. Bibi arusi hapiti kwao bila kuimbiwa. Methusela, kwa adabu, akazima injini. Ukungu ulikuwa mzito na ule upepo wa Juni unaokata masikio. Nyimbo zikaisha, Methusela akapiga moto. Kimya. Akapiga tena. Lori likakohoa, likanyamaza.

Akafungua bomba la mafuta. Ndani mawese yalikuwa yameganda kama samli.

Nyumbani kwetu debe la mafuta hukaa pembeni ya jiko, usiku na mchana. Tangu nizaliwe sijayaona yakiganda, nikadhani ndiyo tabia yake.

“Msomi,” Methusela akaniambia, “somo la baridi ulikuwa umelala?”

Saa sita ilikuwa inakaribia. Mashangazi wakakimbia kuleta makaa kwenye vigae na maji ya moto kwenye masufuria. Yudita akashuka na shela lake, akanipokonya birika mikononi, akalimwagia bomba mwenyewe. Lori likatema moshi mweusi, likashtuka, likaunguruma. Vigelegele! Tulipoingia uwanja wa kanisa, mchungaji alikuwa ameshapanda pikipiki yake. Akashuka. Wakafungishwa ndoa.

Mchana, Mama Zipora, mamake Kefa, akatoka jikoni na uso ambao haukuwa wa sherehe. Wageni walikuwa wanangoja maandazi. Wamefungua debe la mawese lililoletwa na upande wetu, wamemimina karaini, na karai linachemka maji matupu. Akauliza nani amemletea maji.

Nikasimama haraka. Nikasema wachuuzi wa siku hizi hawana imani, na huyu wa sokoni tutamshtaki kwa Bwana Shauri, huko bomani.

Bibi arusi siku hiyo hasemi. Huinamisha kichwa, watu humsemea. Yudita akainua uso, akasukuma shela nyuma.

“Mwache mchuuzi wa watu, Nahumu. Nilikuwa dirishani navalishwa. Nilikuona ukimimina mafuta yetu kwenye lori, halafu ukajaza debe maji ya kisimani.”

Mama Zipora akamuuliza, mwanangu, mbona ulinyamaza?

“Nilitaka kufika, mama.”

Ukumbi mzima ukanigeukia.