Paswedi ya Marehemu Tamimu

Kompyuta ya ofisi ya kijiji, kule ndani ya delta, ilikuwa ya zamani. Ukiiwasha unaweza kuchemsha chai ukanywa kabla haijawaka. Ikishawaka haikuuliza kitu. Ilijiingiza yenyewe kwenye mtandao kwa jina la Tamimu, mtendaji wa kijiji, kama alivyoipanga akiwa hai. Naye Tamimu alitokea kwenye kiti chake, akavuta kibodi. Hodi ikasikika mlangoni. Akaitika, "Karibu, Mzee Badru," akaenda kutoa komeo, na risasi zikampata kifuani na mdomoni. Damu iliruka hadi kwenye kabati.

Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi. Mwanamina, mjane wake, alipiga deki. Kazi hiyo alipewa alipotoka eda, ndiyo rambirambi ya ofisi.

Miezi ile ya mauaji, viongozi wa vijiji walipokuwa wakipigwa risasi na watu wasiojulikana, hakuna mtu aliyefungulia sauti asiyoijua. Wauaji walihitaji sauti ya mwenyeji, na sasa kijiji kizima kilisikia ni ya nani. Kiliendelea kumwamkia Mzee Badru, mwenyekiti wake, shikamoo. Waliogopa, basi; anayetaka kuwalaumu aje alale huku mwezi mmoja.

Badru ndiye aliyemwita Rukaya, fundi wa kompyuta kutoka Kibiti.

"Mwanangu, mashine inatuchafulia ofisi. Itoe hiyo tabia ya kujiingiza."

Rukaya alifungua mipangilio, akageuza moja, yaani ijiingize, ikawa sifuri, yaani isijiingize, akazima, akawasha. Tamimu akauawa tena. Jino lake liliangukia kwenye mkoba wa fundi, naye akalitoa akaliweka mezani.

"Mtandao unairudisha ile moja, mzee," alisema. "Dawa yake niifute paswedi aliyoihifadhi humo."

Alichomoa waya wa mtandao, akafuta, akaurudisha waya, akawasha. Safari hii kompyuta iliuliza paswedi. Kiti kilibaki kitupu.

"Alhamdulillahi," alisema Badru.

Mwanamina aliijua paswedi, maana mumewe, kabla hajaipanga mashine ijiingize yenyewe, alizoea kumtuma aiwashe. Jumatatu aliwahi kabla ya watu, akaketi mbele ya kibodi, akaitafuta herufi moja moja kwa kidole. Siku zote alikuwa akimkuta mumewe ameshafika mlangoni. Leo Tamimu alitokea ubavuni pake, akiwa mzima, ananukia sabuni. Mwanamina alimshika mkono. Alimpenda mno mwanamume yule.

Hodi ikasikika.

"Usifungue, baba Swaumu. Nakuomba."

"Kwani mgeni huyo?" Tamimu alimcheka kidogo. "Ni mwenyekiti wetu."

Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kufungua.

Saa tatu Mzee Badru alifika kusaini barua, akakuta pamepigwa deki, akauliza kama sakafu imekauka. Mwanamina alimwamkia, akamwambia bado, apite pembeni.