Kitambaa cha Zamani

Kiingereza changu ndicho kilichotuponza, na nilikuwa nakijivunia mno. Kanisani kwetu, Overport, barua yoyote ya Kiingereza huletwa kwangu kwa sababu nauza vitenge mjini na wateja wangu ni wa kila namna. Basi ile barua ya mfuko unaofadhili majengo ya kale nayo ililetwa kwangu, Mei 2013. Niliisoma mbele ya watu, shingo juu.

Ukumbi tunamosali ni wa mbao na mabati. Mwenye kiwanja alikuwa ametupa muda hadi mwisho wa Juni: tupate msaada wa kuukarabati, au aubomoe. Waliojenga ukumbi huo walihamishwa kwa nguvu kwenda mtaa wa Chatsworth zamani za ubaguzi wa rangi, na mjukuu wao mmoja, bibi kizee tunayemwita Gogo Ernestina, ndiye aliyetukabidhi funguo. Sharti lake lilikuwa moja tu, tuutunze. Babu yake Anselmo ndiye aliyekuwa fundi, na kwao walizoea kusimulia kwamba aliandika jina lake nyuma ya ubao mmoja ukutani. Ubao upi, hakuna aliyejua. Na mfuko ulitaka ushahidi: nani aliujenga, na lini.

Barua ilisema mkaguzi angekuja Jumatatu saa nne, na kabla hajafika tusiondoe wala kubadilisha "original fabric" yoyote. Jamani, fabric, yaani kitambaa. Neno hilo nalitamka mara ishirini kwa siku nikipima vitenge. Nikawaambia watu, "Lile pazia la zamani la madhabahuni, mtu asiliguse." Nikalikunja kwa mikono yangu, nikalitia kwenye nailoni.

Anaclet, fundi seremala wetu, akauliza, "Na ukuta wa nyuma, mama? Mbao bimeoza. Mugeni atatuona aje?"

"Wamesema kitambaa tu," nikamjibu. "Ukuta tengeneza."

Kwetu mgeni hapokelewi na ukuta uliooza. Jumamosi Anaclet aling'oa mbao kumi na mbili, akapigilia mpya, akapaka rangi nyeupe. Tulimpigia makofi, wala hakuna aliyekumbuka kuzigeuza zile mbao za zamani.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kimaori kutoka New Zealand. Mfuko ulimwazima kwa sababu kwao amekarabati nyumba nyingi za kale za mikutano ya ukoo. Alipofika aliweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, kama anayesalimia mtu. Gogo Ernestina alifurahi. Kisha mgeni akaingia ndani, akatembea hadi ukuta wa nyuma, akasimama.

"Fabric iko wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nilikimbia kuleta nailoni yangu. Nikalikunjua pazia mbele yake. Alilitazama, akanitazama mimi, na nikaona anajitahidi asiniaibishe.

"Ni zuri," alisema taratibu. "Lakini katika kazi yetu, fabric ni mwili wa jengo. Mbao, misumari, mabati, hata rangi. Kwetu nyumba ya ukoo ina uti wa mgongo na mbavu. Mbao za ukuta huu ziko wapi?"

Nikamgeukia Anaclet. "Mbao umeweka wapi?"

"Nilimupatia Félicité."

"Za nini?"

Moshi ulikuwa ukiingia dirishani, pamoja na harufu ya pondu, kisamvu chetu.

Tulikimbia nyuma ya ukumbi. Félicité, mpishi wetu, alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria ya chakula cha mgeni. "Iko karibu kuiva, mama," alisema. "Hii mbao inawaka muzuri."

Nilimfokea, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyesoma barua. Akaitua sufuria haraka. Anaclet alichomoa mbao mbili motoni kwa mikono mitupu, akazimwagia maji. Tano nzima zilikuwa bado zimeegemea ukuta. Tano nyingine zilikuwa majivu.

Tukazigeuza moja moja, Gogo Ernestina akitazama. Zile tano hazikuwa na maandishi. Ubao wa kwanza uliotoka motoni nao haukuwa na kitu. Tukageuza wa mwisho. Kwa penseli nzito palikuwa pameandikwa: selmo 1911. Kabla ya hapo palikuwa na mkaa tu.

Mgeni alipiga magoti, akaupiga picha.

"Sitaficha," alisema. "Nitaandika kwamba ukuta huu umepotea, na mfuko hautaulipia. Lakini jina hili na mwaka vinatosha kwa kuta tatu zilizobaki. Nitapendekeza mkubaliwe. Msiguse hata msumari."

Watu walikumbatiana. Anaclet alikaa kando, mikono ndani ya ndoo ya maji, akilia.

Félicité akapakua, kwani mgeni ni mgeni. Yule mama alikula, akisema hata kwao chakula cha mwenyeji hakikataliwi. Gogo Ernestina hakugusa sahani yake. Aliulaza ubao mapajani, akawa anafuta ule mkaa kwa kidole gumba, pale jina linapoanzia.

"Zimepungua herufi mbili tu, mwanangu," aliniambia. "Zimekwenda wapi?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Pondu lilikuwa limeiva vizuri, nami sikuweza kulimeza.