Zamu ya Ukuta wa Posta

Amri ya afisa hufutwa na afisa yule yule aliyeitoa, akiwa na cheo kile kile alichokuwa nacho alipoitoa. Hata watoto wa shule walilijua hilo, wala hapakuwa na aliyelibisha. Kwa hiyo, luteni alipomwamuru seremala mmoja, asubuhi ya msako, asimame kwenye ukuta wa posta mpaka aambiwe vinginevyo, na jioni ya siku hiyo luteni akapandishwa kuwa kapteni, seremala alibaki amesimama.

Alisimama miaka. Nyayo zake hazikubanduka. Kivuli chake kilielekea magharibi mchana kutwa, kwa kuwa ndiko kilikoelekea saa ya amri. Manispaa ilipopaka ukuta rangi, mpakaji alimzunguka kwa brashi nyembamba. Wateja walimletea mbao, naye akaunda viti vizuri ambavyo yeye mwenyewe hakuvijaribu.

Kapteni alikuja kumtaka radhi, akaja tena, akazoea kuja. Wakawa marafiki. Hatimaye aliliacha jeshi akajiunga na chuo cha sheria, ili akatafute kifungu cha kumfungua mwenzake. Kila jioni alileta daftari la masomo, akaketi, na seremala, ambaye hakuacha kumwita Afande, akamsaili.

"Haya, Afande. Kosa la jinai lina nini na nini?"

"Tendo na nia, fundi."

"Na nia yako siku ile ilikuwa nini?"

"Kuwahi chai."

Walicheka wote wawili, seremala zaidi.

Jioni moja dada yake seremala alifika bila chakula alichozoea kumletea.

"Kaka, mama hali chakula tena. Anauliza kama utakuja, ama akuage huko huko kitandani."

Seremala aliendelea kupiga randa.

"Mwambie mama kwamba Afande yuko mwaka wa tatu wa sheria."

Afande alifunga kitabu. Alisimama kando ya rafiki yake, mgongo ukutani, akakaza magoti kama kwenye gwaride.

"Nakupokea zamu," alisema.

Mguu wa seremala ukainuka, kisha wa pili.

"Hiyo umeisoma katika kitabu gani?"

"Haimo vitabuni. Mlinzi hupokewa na mlinzi. Kuruta hufundishwa wiki ya kwanza."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Seremala aliweka randa chini. Dada yake akamvuta mkono, wakaondoka, yeye akiburura miguu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Mama alimkuta mwanawe ameketi ukingoni mwa kitanda alipofumbua macho. Alimkaripia kwa kuchelewa, akamwuliza amekula nini, akafariki kabla ya kujibiwa.

Jeshi lilimtuma koplo kukagua. Koplo aliona ukuta una mtu, akapiga saluti, akarudi kambini. Amri haikuguswa.

Baada ya maziko seremala alikwenda posta. Jua lilikuwa limekwisha kupinda, na Afande alikuwa ametulia, uso mkavu, midomo imepasuka kwa kiu. Seremala alimnywesha maji.

"Mama alikuwa na maumivu?" Afande aliuliza.

"Alikuwa na hasira."

Afande hakuomba kupokewa, naye seremala hakujitolea. Walizungumza habari za mjini mpaka posta ikafungwa.